Farasi Wafupi wa Nyanda za Baridi

Poni ni farasi mfupi, lakini si kila farasi mfupi ni poni. Katika mashindano ya kimataifa mpaka umewekwa kwa kipimo: mnyama husimamishwa kwenye sakafu iliyo sawa, kimo chake hupimwa kutoka ardhini hadi kwenye kigongo cha mabega, pale shingo inapoungana na mgongo, na akiwa hajazidi sentimita 148 bila viatu vya chuma huhesabiwa kuwa poni. Wafugaji wenyewe hawatosheki na fimbo ya kupimia. Farasi wa Kiarabu aliye chini ya kimo hicho bado huitwa farasi, kwa kuwa umbo lake ni la farasi: miguu mirefu, ngozi nyembamba, kifua chembamba. Poni ana miguu mifupi ukilinganisha na kiwiliwili, shingo nene, masikio madogo, singa nyingi shingoni na mkiani, na tumbo kubwa.

Uingereza na Ayalandi zina aina nyingi za poni kuliko mtu angetarajia katika visiwa vya ukubwa huo. Wako wa Shetland, Exmoor, Dartmoor, New Forest, Wales, Fell, Dales, Nyanda za Juu za Uskoti, Eriskay na Connemara, na bado orodha haijaisha. Mgeni akiwatazama uwanjani wakati wa maonyesho ataona wanyama wanaofanana. Akienda kuwaona kule walikotoka, tofauti zao humfungukia, maana kila aina ilikuzwa na ardhi yake na mzigo wake, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufungua daftari la nasaba.

Nyanda hizo za milima na mbuga zina mambo machache yanayofanana. Mvua ni nyingi, upepo haukatiki, udongo una tindikali, na majani ni magumu yasiyo na lishe ya kutosha. Wataalamu wa wanyama husema viumbe wa nchi za baridi huelekea kuwa wakubwa kwa sababu mwili mkubwa hupoteza joto polepole. Kwa poni kanuni hiyo haikufua dafu mbele ya njaa. Farasi mkubwa hawezi kujaza tumbo lake mahali ambapo majira ya baridi huacha mabua makavu na vichaka vya miiba tu, kwa hiyo waliosalia ni wadogo, ila wadogo wenye mwili wa duara na miguu mifupi ili joto lisitoroke. Tumbo kubwa nalo lina kazi. Tofauti na ng'ombe, farasi hacheui. Chakula chake kigumu huchachushwa katika utumbo mpana, na hivyo anaweza kupitisha majani mengi duni kwa siku moja, huku kuchachuka kwenyewe kukimpasha joto kutoka ndani.

Mfano ulio wazi zaidi wa mwili uliofinyangwa na hali ya hewa ni poni wa Exmoor, mbuga iliyo kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye mpaka wa Somerset na Devon. Kimo chake kwa kawaida ni kati ya sentimita 115 na 130. Rangi yake ni hudhurungi, kahawia au ya majani makavu, na singa zake ni nyeusi. Alama nyeupe hairuhusiwi popote mwilini, hata iwe doa dogo la kwenye paji. Pua na mdomo vina rangi ya unga, na rangi hiyohiyo huzunguka macho. Ukimsogelea utaona kuwa kope zake zina ukingo mnene wa nyama uliojitokeza kama wa chura, unaolizuia jicho lisipigwe na mvua na upepo. Mkia wake, pale unapoanzia, una nywele fupi zilizotandazika kama kipepeo. Maji ya mvua huzifuata na kutiririka pembeni badala ya kuingia katikati ya mapaja. Manyoya ya majira ya baridi yana tabaka mbili: la ndani ni laini kama sufi na hutunza joto, la nje ni gumu lenye mafuta na hufukuza maji. Theluji hukaa juu ya mgongo wake bila kuyeyuka, kwa kuwa joto la mwili haliifikii.

Kwa sababu ya sura hii ya kizamani, wapo wanaosema poni wa Exmoor ni mabaki halisi ya farasi wa mwitu wa zama za barafu. Ni dai linalovutia, lakini uchunguzi wa vinasaba haujalithibitisha, na afadhali lisirudiwe kama jambo lililokwisha amuliwa. Historia yao inayojulikana inatosha. Mwaka 1818 serikali ya kifalme iliiuza mbuga ya Exmoor kwa John Knight, tajiri aliyetaka kuigeuza kuwa mashamba ya kisasa. Sir Thomas Acland, aliyekuwa msimamizi wa mwisho wa mbuga hiyo, aliondoka na poni wapatao 30 wa asili na kuwafuga kwenye ardhi yake mwenyewe jirani. Knight yeye alitaka kuwarefusha poni. Alitumia madume marefu ya damu ya Dongola, eneo la Nubia kando ya Mto Nile katika Sudan ya leo. Watoto walizaliwa wakubwa, wazuri wa kutazama, lakini baridi ya Exmoor iliwashinda. Walihitaji kufichwa zizini na kulishwa wakati poni wa Acland wakijitafutia nje. Jaribio likafa. Farasi wa Dongola hakuwa na kasoro yoyote. Aliumbwa na nchi ya jua na ardhi kavu, akapelekwa penye matope.

Hatari kubwa zaidi ilikuja na Vita Kuu ya Pili. Mbuga ilitumika kwa mazoezi ya kijeshi, baadhi ya poni wakapigwa risasi na askari, wengine wakaibwa usiku wakauzwa kwa nyama katika miji yenye njaa. Vita vilipokwisha walibaki wapatao 50. Mfugaji Mary Etherington ndiye aliyewakusanya wenye mifugo wakaanza upya, na karibu kila poni wa Exmoor aliye hai leo ametokana na kundi hilo dogo.

Safari fupi kuelekea kusini, ndani ya Devon hiyohiyo, iko Dartmoor, na hapo mambo yamechanganyika. Poni wa Dartmoor mwenye nasaba iliyoandikwa hazidi sentimita 127, ana kichwa kidogo na mwendo mwepesi, na kwa utulivu wake hutafutwa sana kwa watoto wanaojifunza kupanda. Wengi wanaoonekana na watalii mlimani, hata hivyo, si hao. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji waliachia madume ya Shetland huko juu ili wapate wanyama wafupi wa kuuza migodini, na ndiyo sababu poni wa mabaka meusi na meupe wamejaa kwenye vilima hivyo ilhali mabaka hayo hayakubaliki katika daftari. Nao pia walipitia tundu la sindano: kati ya 1941 na 1943 walioandikishwa walikuwa madume wawili tu na majike kumi na wawili.

Migodi hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha ya poni wa Shetland kuliko wote. Visiwa vya Shetland viko kaskazini mwa Uskoti, karibu na mstari wa nyuzi 60, na havina miti ya kuzuia upepo wa bahari. Poni wa huko hapaswi kuzidi sentimita 107, na yupo mdogo zaidi asiyefika 87. Wenyeji walimtumia kubebea mboji iliyokatwa na kukaushwa kwa ajili ya kuni, ikiwa imejazwa ndani ya vikapu viwili vilivyoning'inia ubavuni. Kwa uzito wake hakuna farasi anayemshinda nguvu. Mwaka 1842 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Wenye migodi wakahitaji mnyama wa kuvuta mabehewa ndani ya njia ambazo mtu mzima huinama akipita. Poni wa Shetland alitosha mlemle. Kuanzia mwaka 1870 Markisi wa Londonderry, aliyekuwa na migodi Durham, alikodi ardhi katika visiwa vidogo vya Bressay na Noss akazalisha huko madume wanene, wa kifua kipana na miguu mifupi kadiri ilivyowezekana. Daftari la nasaba la Shetland lilipoanzishwa mwaka 1890, la kwanza kwa poni wa asili wa Uingereza, damu ya mazizi ya Londonderry ilikwisha kuenea kila mahali. Kwa hiyo umbo linalosifiwa leo kwenye maonyesho kama la asili lilichongwa kwa sehemu kubwa na soko la makaa ya mawe.

Mwaka 1913 poni na farasi wa kila aina waliofanya kazi chini ya ardhi Uingereza walifika takribani 70,000. Wengi waliishi katika mazizi ya humohumo mgodini, na kwenye migodi ya mashimo marefu walipandishwa juu kwa siku chache tu za mapumziko ya mwaka. Sheria ya migodi ya 1911 iliweka masharti juu ya utunzaji wao. Mashine ziliwapokonya kazi polepole, na wa mwisho walitoka mwishoni mwa karne ya 20.

New Forest, katika jimbo la Hampshire, ina habari nyingine. Jina linasema msitu, lakini sehemu kubwa ni mbuga ya vichaka, majani na mabwawa iliyofanywa na Mfalme William Mshindi kuwa eneo lake la kuwindia mwaka 1079. Poni wa hapa wanaonekana kama wa mwitu, kumbe kila mmoja ana mwenyewe. Wakazi wenye haki ya malisho, haki inayoambatana na nyumba au kiwanja fulani, huachia mifugo yao itembee ovyo na kulipa ada kwa mwaka. Baraza la kale la msitu, ambalo vikao vyake hufanyika katika mji mdogo wa Lyndhurst, ndilo linalosimamia malisho hayo, na wasimamizi wake wapanda farasi ndio wanaozunguka kukagua. Wakati wa kuwaswaga wakusanyike, poni huingizwa kwenye uzio mwembamba wa mbao, na msimamizi hukata nywele za mkia kwa mtindo wa eneo lake, upande mmoja ngazi, upande mwingine mkato. Mkia uliokatwa ni risiti: ada imelipwa, na atakayemwona poni huyo ameumia barabarani atajua amwite nani.

Ajali hizo si chache, kwa kuwa barabara hazina uzio na poni hupenda kusimama juu ya lami usiku. Wengine huvishwa kola zinazong'aa mbele ya taa za gari. Kwa umbo, poni wa New Forest ndiye anayekaribia zaidi farasi wa kawaida, na anaweza kufikia sentimita 148. Damu ya kigeni imeingizwa mara nyingi. Mwaka 1889 Malkia Victoria mwenyewe aliazimisha madume yake mawili kwa ajili hiyo. Siku hizi mkondo umegeuzwa: ni madume machache ya asili yanayoachiwa msituni, na kwa majuma machache tu kila mwaka, ili watoto wasizaliwe wengi kuliko soko linavyohitaji.

Wanadamu wamewahi pia kujaribu kuwafuta poni kabisa kwa sheria. Mfalme Henry wa Nane alitaka farasi wakubwa wa kubeba askari wenye deraya. Sheria yake ya mwaka 1535 iliwataka wenye viunga kufuga majike yasiyopungua mikono 13, yaani sentimita 132, na nyingine ya mwaka 1541 ikakataza dume la chini ya mikono 15 kuachiwa katika malisho ya wazi ya majimbo kadhaa. Waliobainika kuwa duni walipaswa kuuawa. Mwaka 1566, chini ya binti yake Elizabeth, maeneo ya mabwawa ya mashariki yalisamehewa masharti hayo, maana ardhi yake haikuweza kubeba wala kulisha farasi wakubwa. Milimani, hasa Wales, karani wa mfalme mwenye fimbo ya kupimia hakufika.

Wales ndiko tofauti zilikopangwa kwa utaratibu mkali kuliko kwingine. Chama cha wafugaji, kilichoanzishwa mwaka 1901, kina daftari moja lenye mafungu manne. Fungu A ni poni wa mlimani asiyezidi sentimita 122, mwenye macho makubwa na uso uliobonyea kidogo chini ya paji. Fungu B hufika sentimita 137. Ni mwembamba zaidi, wa kupandwa, na ndani yake mna damu ya nje. Fungu C lina kimo hichohicho lakini ni nene na lenye nguvu za kazi, na D, anayeitwa kobu, huanzia hapo kwenda juu bila kikomo. Kobu alikuwa mnyama wa daktari wa kijijini, wa muuza maziwa na wa mkulima asiyeweza kufuga farasi watatu kwa kazi tatu. Sifa yake ni mwendo wa matiti: goti hupanda juu, mguu hurushwa mbele, na miguu ya nyuma husukuma kwa kishindo. Mwezi Julai kila mwaka, kwenye maonyesho ya kitaifa ya Llanelwedd, madume ya kobu yanapokimbizwa uwanjani huku mshika kamba akijitahidi kwenda nayo sambamba, watu hupiga kelele kama wako kwenye mpira.

Kaskazini mwa Uingereza, safu ya milima ya Pennines imewatenga ndugu wawili. Upande wa magharibi yuko poni wa Fell, asiyezidi sentimita 142. Mashariki yuko wa Dales, mkubwa na mzito kidogo. Wote wawili huwa na manyoya marefu yanayofunika kwato, na weusi ndiyo rangi ya wengi. Kwa karne nyingi walibeba risasi iliyochimbwa milimani kuipeleka bandarini, wakitembea kwa misafara, kila mmoja na mzigo wa kilo mia moja hivi. Wa Dales baadaye alichanganywa na farasi wazito wa kuvuta, wengine wakasema amechanganywa kupita kiasi. Wa Fell aliachwa zaidi kama alivyokuwa, na dunia ilimwona Septemba 2022, Emma, poni mweusi wa Malkia Elizabeth wa Pili, aliposimama kando ya njia ya Windsor wakati jeneza la bibi yake likipita.

Huko Uskoti poni wa Nyanda za Juu ndiye anayeteremsha paa dume waliowindwa kutoka vileleni, mzoga ukiwa umefungwa juu ya tandiko la pekee. Si kila farasi huvumilia harufu ya damu mgongoni. Wengi wana rangi ya mchanga, mstari mweusi unaofuata uti wa mgongo, na michirizi miguuni kama ya punda milia. Poni wa Eriskay, wa kisiwa kidogo cha magharibi, ni mwembamba kuliko huyo. Huzaliwa mweusi au kahawia, kisha wengi hugeuka weupe kadiri wanavyokua. Katika miaka ya 1970 walikuwa wamebaki wapatao 20 tu, na hadi leo ni miongoni mwa walio hatarini zaidi.

Ayalandi inajivunia poni wa Connemara, kutoka magharibi mwa jimbo la Galway, penye majabali, mabwawa na kuta za mawe. Simulizi kwamba wametokana na farasi walioogelea kutoka kwenye merikebu za Kihispania zilizozama mwaka 1588 ni hadithi tamu isiyo na ushahidi. Lililo wazi ni kwamba mnyama aliyekulia kwenye mawe na utelezi hujifunza kutazama anapokanyaga na kuruka kinapohitajika. Chama chao kilianzishwa mwaka 1923. Stroller, mwenye nusu ya damu ya Connemara na kimo cha poni, alimpa Marion Coakes medali ya fedha ya kuruka vizuizi katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akishindana na farasi waliomzidi kimo kwa mbali.

Kinyume cha poni wote hao ni farasi wazito wa mabonde, ambako majani ni mengi. Shire aliyeitwa Sampson, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1846, inasemekana alifika sentimita 219, zaidi ya mara mbili ya poni wa Shetland. Huko nako ardhi ilikuwa na sauti: farasi wa Suffolk, wa rangi ya shaba tupu, hana manyoya marefu miguuni kwa sababu alilima udongo wa mfinyanzi, ambao ungeyaganda. Trekta lilipokuja aliponea chupuchupu; mwaka 1966 waliandikishwa watoto tisa tu.

Uchache wa wazazi una gharama yake. Miongoni mwa poni wa Fell na wa Dales kuna ugonjwa wa kurithi unaomnyima mtoto damu na kinga. Hufa kabla ya kutimiza miezi michache. Kipimo cha vinasaba kilipatikana mwaka 2010, na vipimo vya mwanzo vilionyesha kuwa karibu poni wanne kati ya kumi wa Fell walibeba kasoro hiyo bila kuugua. Connemara nao wana ugonjwa wa ukuta wa ukwato kubanduka. Wafugaji hawawatupi wabebaji wote, wasije wakapunguza zaidi damu iliyobaki. Huzuia tu wabebaji wawili wasipandane.

Tatizo la kila siku ni jingine, nalo ni shibe. Mwili uliozoea mabua ya mlimani, ukiwekwa kwenye malisho mabichi ya mbolea yenye sukari nyingi, hunenepa haraka, kisha tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato huvimba kwa maumivu makali. Mwenye poni hulazimika kumfungia sehemu ndogo, kumvisha kikapu mdomoni, au kuloweka majani makavu majini ili sukari itoke. Wengine wamerudishwa penye njaa kwa makusudi: huachiwa katika hifadhi wale majani magumu ambayo kondoo huyaacha, ili maua ya mwitu yapate nafasi. Mwaka 2015 poni wa Exmoor walisafirishwa hadi Milovice, kambi ya zamani ya kijeshi katika Jamhuri ya Cheki, kwa kazi hiyo. Wako huko hadi leo, wanalala nje mwaka mzima, na wamezaliana.